Risala ya Mafundi na Wafanyabiashara Wadogo wa Soko la Kariokor kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wawakilishi wa nchi zilizofadhili mafunzo haya, wakufunzi wetu, mwenyekiti wa soko, mama zetu mliokuja na viondo kutoka Machakos na Murang'a, mabibi na mabwana, hamjambo?

Kwa niaba ya mafundi wa ngozi, wasusi wa viondo na wauzaji wa soko hili, tunakukaribisha kwa mikono miwili katika hafla ya kufunga mafunzo yetu ya biashara ya nje. Tunajua wewe ni miongoni mwa wanaoketi kwenye meza ya mazungumzo ya mikataba kwa niaba ya Kenya. Si kila siku mtu wa namna hiyo anafika Kariokor, kwa hiyo utuwie radhi tukisema kwa uwazi kuliko ilivyo desturi ya risala.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Kabla ya mafunzo haya, wengi wetu tukisikia mkataba wa biashara tulidhani ni habari ya maua ya Naivasha na majani chai ya Kericho. Kumbe umo hata ndani ya zipu. Siku ya somo la asili ya bidhaa, mkufunzi aliweka kiondo mezani, akageuza bitana nje, akatutaka tutaje kila kilichomo kimetoka wapi. Katani ilitoka Kitui. Ngozi ya mikanda ilitoka Athi River. Bitana ilinunuliwa Eastleigh, lakini ilifumwa Uchina, na zipu vilevile. Kisha akauliza: hiki ni kiondo cha Kenya au si cha Kenya? Darasa liligawanyika pande mbili, na wanaobishana walikuwa watu waliokaa na viondo tangu utotoni.

Jibu linategemea mkataba. Kila mkataba una kanuni zake za kiasi gani cha malighafi ya kigeni kinaruhusiwa na ni kazi gani lazima ifanyike hapa nchini ili bidhaa ipate msamaha wa ushuru. Tulijifunza pia kwamba bidhaa zilizosukwa, kama vikapu, zina namba yake ya forodha, 4602, mikoba ya ngozi ni 4202, na viatu vya ngozi 6403. Mwenzetu mmoja aliwahi kupoteza mnunuzi wa Ulaya kwa sababu wakala aliandika namba isiyo yake na mzigo ukazuiliwa hadi msimu ukapita. Ile hasara ilimfanya afunge kibanda. Laiti angepata somo hili mapema.

Na wale wanaopeleka sandali Kampala na Arusha walifurahi kuliko wote. Wengi hawakuwa wakijua kwamba ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo wa bidhaa zetu usiozidi thamani ya dola 2,000 una cheti rahisi cha asili kinachopatikana pale pale mpakani, Busia au Namanga. Kuna waliowalipa watu wa kati miaka nenda miaka rudi kwa jambo ambalo ni haki yao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hayo ndiyo tunayowashukuru wafadhili kwayo, na shukrani hizi zinatoka moyoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini tungependa kusema pia kwa nini msaada wa aina hii ni mzito kwa nchi yetu kuliko watu wanavyodhani.

Kenya haimo katika orodha ya nchi maskini zaidi duniani. Uganda na Tanzania zimo, na kwa sababu hiyo bidhaa zao huingia Ulaya bila ushuru hata pasipo mkataba. Sisi tusipokuwa na mkataba, tunatozwa. Tuliyaona mwaka 2014: mazungumzo ya Jumuiya yetu na Umoja wa Ulaya yalipopitisha muda uliowekwa, maua ya Kenya yakaanza kutozwa ushuru tarehe 1 Oktoba, na hali hiyo ikaendelea hadi Desemba. Leo tuna mkataba wetu na Ulaya, uliotiwa saini hapa Nairobi Desemba 2023 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2024.

Hata hivyo, mlango kuwa wazi si sawa na kuingia. Mwaka 2013 Ulaya iliamua kwamba asilimia 10 ya shehena za maharagwe mabichi na njegere za maganda kutoka Kenya zipimwe, kwa sababu ya mabaki ya dawa za kunyunyizia. Ushuru ulikuwa sufuri, na bado wakulima wadogo wengi waliachwa na wanunuzi wao, maana gharama ya kupima na kuthibitisha kila shamba ilikuwa kubwa. Kilichowaangusha ni kukosa maabara ya karibu, kukosa rekodi ya kunyunyizia, kukosa mtu wa kuwaeleza mapema kwamba kiwango kinachoruhusiwa kimeshuka. Msaada wa kitaalamu ukifika kabla ya janga, familia hizo zinabaki sokoni.

Ndiyo maana tulipofundishwa Mkataba wa Kurahisisha Biashara wa Shirika la Biashara Duniani (WTO), ulioanza kutumika Februari 2017, kuna sehemu tuliyoomba isomwe tena. Nchi inayoendelea inaruhusiwa kuyaweka baadhi ya masharti katika kundi C, yaani masharti ambayo haitalazimika kuyatekeleza mpaka ipate msaada na uwezo. Tunaona huo ni uungwana. Tunakuomba, unapoketi katika mazungumzo mengine, uudai uungwana wa namna hiyo uandikwe ndani ya mkataba wenyewe, usibaki ahadi ya hotuba.

Mheshimiwa, sasa tuseme lililo gumu. Mara nyingi anayelipa mtaalamu wa kutuandaa ndiye huyo huyo tutakayekutana naye mezani. Hatumshuku mtu. Wakufunzi wetu walikuwa waaminifu na walitueleza hata yale yasiyoipendeza nchi yao. Lakini mtu mwenye busara husaini hati baada ya kusomewa na mtu wa upande wake. Geneva kuna Kituo cha Ushauri wa Sheria za WTO, kilichoanzishwa mwaka 2001, ambacho mawakili wake kazi yao ni kuzihudumia nchi zinazoendelea, na Kenya ni mwanachama tangu mwanzo. Tungependa kuona kazi ya namna hiyo ikifanyika hapa nyumbani pia, na vijana wetu wakiajiriwa kuifanya.

Tena tusisahau kwamba mwaka 2013 Mahakama Kuu, katika kesi ya wakulima wadogo iliyofunguliwa mwaka 2007, iliitaka serikali iwashirikishe wananchi katika mazungumzo ya mkataba na Ulaya. Sisi wa Kariokor tunaichukulia hukumu ile kuwa ni yetu.

Kwa hiyo tunaomba haya. Mkataba na Ulaya unatutaka tufungue soko letu hatua kwa hatua katika muda wa miaka 25. Tuelezwe, kwa Kiswahili na kwa maandishi, viatu, mikoba na nguo vimewekwa katika hatua ipi, ili fundi anayetaka kukopa kununua cherehani ajue anakopa kukabili nini. Kila mtaalamu wa kigeni anayeletwa apewe Mkenya wa kufanya naye kazi bega kwa bega, na mradi usifungwe kabla Mkenya huyo hajaweza kufundisha peke yake. Ofisa mmoja wa biashara ya nje awe anafika sokoni hapa siku moja kila mwezi, aketi na mafundi wenye mizigo na maswali yao. Chumba tunacho, na mwenyekiti ametuahidi meza na umeme.

Na kabla ya duru ijayo ya mazungumzo yoyote yatakayogusa ngozi au ususi, tunaomba utuite, hata kama ni kwa saa mbili tu. Tumeshachagua wawakilishi wawili, mama mmoja msusi na kijana mmoja wa viatu, na majina yao yamo katika nakala tutakayokukabidhi.

Tunaomba kuwasilisha.

Mafundi na Wafanyabiashara Wadogo,
Soko la Kariokor, Nairobi.