Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: dawa kinga ifuate mwezi

Mheshimiwa Mganga Mkuu, shikamoo.

Mimi ni mchuuzi wa dagaa visiwani. Alfajiri mitumbwi ikirudi nanunua kwa ndoo, naanika mchangani, wakikauka napeleka soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Kazi yetu inaendeshwa na mwezi. Wakati wa giza wavuvi wanakesha ziwani na taa zao. Ikija mbalamwezi dagaa hawafuati taa, kambi inapumzika, na hela imo mfukoni. Yanayofuata unayajua. Tena kuna wenye mitumbwi ambao usipokubali kulala nao, ndoo anapewa mwenzako. Hapo habari ya kondomu anaamua yeye.

Ndiyo maana naipenda PrEP, dawa ya kumkinga asiye na VVU asiambukizwe. Kidonge nakimeza mwenyewe, siombi ruhusa kwa mtu. Si dawa ya majaribio: Marekani waliiidhinisha 2012, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza 2015 kwa wote walio kwenye hatari kubwa. Nesi alinieleza bila kuficha kwamba sisi wanawake tunameza siku saba mfululizo ndipo kinga ikamilike, na kila siku baada ya hapo. Mimba na kaswende haizuii.

Sasa, zahanati ninayochukulia hutoa dawa Jumatano asubuhi tu, saa ileile mitumbwi inapoingia. Nikienda, dagaa wamenunuliwa wote. Nisipoenda, kopo linaisha. Mara mbili limeniishia katikati ya giza, na mbalamwezi ikanikuta sina hata kidonge kimoja. Halafu benchi ni lilelile la wanaochukua ARV, dawa za wanaoishi na VVU, basi ukikaa pale kambi nzima imeshakupa ugonjwa. Kopo lenyewe linalia kama njuga, langu nimelijaza pamba.

Naomba wahudumu waje kambini wakati wa mbalamwezi. Kipimo cha VVU ni kila miezi mitatu. Wakinipima nikiwa salama, wanipe dawa za miezi yote mitatu kwa mkupuo, nisirudi benchini kila mwezi. Na ile sindano ya kinga ya VVU, lenacapavir, ya mara mbili kwa mwaka, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Julai 2025, ikifika mkoani isiishie hospitali ya Bugando mjini. Ipande meli nayo.

Mbalamwezi ijayo tutakuwepo wote, wavuvi na wachuuzi. Kivuli cha mwembe kipo, na meza nitaazima kwa mama lishe.

Mchuuzi wa dagaa, visiwani