Salamu za Krismasi kutoka Mbeya, na habari za beki wetu

Heri ya Krismasi ndugu zangu, mlioko nyumbani na mliotawanyika Dar, Dodoma na kwingineko. Wazee wetu, shikamooni. Huku mvua imeshika. Asubuhi mlima Loleza hauonekani kwa ukungu, mahindi yameshaota, na pale soko la Mwanjelwa mchele wa Kyela unapimwa mpaka giza linaingia, kila mtu anawaza pilau ya sikukuu.

Mwaka huu nawatumia salamu pamoja na habari za mtu mmoja. Wengi mnamjua, jina silitaji kwa kuwa mwenyewe hapendi. Sisi tunamwita Kocha.

Alikuwa namba tano wa timu ya mtaa wetu, beki wa kazi hasa, mpaka goti lilipomkatisha. Ligi kuu hakuifika. Lakini msimu wa 2013/14, Mbeya City walipopanda na kumaliza nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, alikuwa jukwaani Sokoine kila mechi ya nyumbani, sauti imemkauka, na sidhani kama kulikuwa na aliyefurahi kumzidi.

Sasa anafundisha watoto kila Jumamosi alfajiri, bila kulipwa. Koni zake ni vidumu vya mafuta ya kula alivyovijaza mchanga upepo usivibebe. Wakija wengi peku, anawaambia na wenye viatu wavue, ndipo anapuliza filimbi. Nimesimama pembeni ya uwanja ule nikaona viatu vimepangwa kwenye nyasi zenye umande, na huwezi kujua vya nani ni vya nani.

Ila jambo linalonifanya niandike ni damu.

Miaka michache iliyopita, wiki ya Krismasi, dada yangu alijifungua akapoteza damu nyingi. Aliongezewa chupa mbili. Mtoto yupo, mama yupo, na kesho watakula nasi. Baadaye ndipo nikasikia kwamba wiki ileile Kocha aliwapeleka wachezaji wenzake wa zamani kumi na mmoja kuchangia, kikosi kizima. Sijui kama chupa zile zilitoka kwao, na hakuna atakayejua. Nilipomfuata kumshukuru alikuwa anabandika kiraka kwenye mpira. Akaniambia tu, "Mdogo wangu, na wewe njoo Machi."

Alinieleza pia kwa nini anachagua Desemba. Wachangiaji wakubwa ni wanafunzi wa sekondari, na mwezi huu shule zimefungwa. Damu nayo haihifadhiki kama mahindi ghalani. Kwenye jokofu inakaa siku 35 tu, kwa hiyo iliyotolewa mwishoni mwa Novemba kabla ya likizo, Mwaka Mpya unaikuta inaelekea ukingoni. Na hizi ndizo siku ambazo mabasi na malori yanafukuzana barabarani, na sote tunaujua mteremko wa Iwambi. Akina mama wa kujifungua ndio kabisa, uchungu haungoji sikukuu ipite.

Basi mimi nilienda Machi ile, nikarudi Juni. Sindano inauma kama kuchomwa na siafu, kisha unalala kitandani unafumba na kufumbua kiganja, dakika kama kumi hivi imekwisha. Wanakupa soda na biskuti. Mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne, mradi una miaka 18 hadi 65, uzito haupungui kilo 50, na afya ni njema.

Kwa hiyo mliokuja likizo, karibuni sana nyumbani, kuleni, salimianeni, wapelekeni watoto kwa bibi zao. Ndaga fijo, yaani asanteni sana, kwa wote mliotukumbuka mwaka huu. Na tarehe 27, saa tatu asubuhi, Kocha atakuwa uwanjani kwake akihesabu watu wa kwenda nao kuchangia. Mpaka jana tulikuwa tisa. Mkija, kunyweni chai kwanza, na mvae shati ambalo mkono wake unakunjika kirahisi.