Barua kwa mwanangu: jibini iliyogoma kuvutika

Chikongola, Mtwara
Jumapili, baada ya alasiri

Mwanangu,

Sisi huku wazima. Mama yako kaenda kwenye shughuli ya jirani, mdogo wako yuko uwanjani, na hapa barazani tumebaki wawili, bibi yako na tambuu yake, mimi na kalamu. Juzi ulipopiga ukasema Jumamosi wenzako wanakuja kula chumbani kwako na unataka kuwapikia "ile kitu ya Meksiko yenye jibini, baba, ile ya siku ile," nilianza kucheka na salio likakatika. Sikukupigia tena, na ni makusudi. Mapishi ya simu humalizikia kwenye "tia kidogo" na "kadiria", na mimi ni mtu wa mizani, miaka yote hii napima magunia ya korosho ghalani. Halafu hiyo "siku ile" nina deni nayo.

Jina lake sitaliandika mara nyingi. Ni taco, na unakumbuka yaliyotokea ulipolitamka mbele ya bibi yako. Ulikuwa na miaka 11, umetoka kutazama runinga kwa jirani, ukaingia unarukaruka: "Bibi, leo baba anapika taco!" Bibi akatema tambuu yote. "Anapika nini?" Na wewe, ukidhani hajasikia vizuri, ukamtajia wingi wake, tena kwa sauti. Tangu siku hiyo nyumba hii inaita mikunjo, nami nitaita hivyohivyo, maana keshaniuliza mara mbili naandika nini.

Mama yako alikuwa Newala msibani. Nilikuahidi haraka kwa sababu nilidhani ni chapati na nyama tu, jambo dogo. Kumbe wewe ulichokuwa unataka si chapati wala nyama, ulitaka ule uzi. Ulikuwa umeona mtoto anauma, anavuta, na jibini inarefuka kutoka mdomoni mpaka mkononi. Basi nikatoka kutafuta. Nilizunguka kuanzia sokoni mpaka Shangani naulizia chizi, muuza duka mmoja akanijibu machizi wapo wengi ila yeye hawauzi. Nilirudi na lita 2 za maziwa na ndimu nne, nimeshaelekezwa na mama mmoja pale sokoni: chemsha, kamulia ndimu, yatakatika, chuja, gandamiza. Nikachuja kwa kile kitambaa cha kuchujia tui, nikaweka jiwe la kusagia juu yake. Ilitoka nyeupe, imara, nzuri. Nilijiona fundi.

Usiku tukakaa mkekani. Ukashika mkunjo kwa mikono miwili, ukauma, ukavuta polepole kama ulivyoona kwenye runinga. Ukakatika. Vipande vyeupe vikadondoka mkekani, ukaokota kimoja ukakiangalia kwenye mwanga wa taa, ukaniambia, "Baba, hii haivutiki."

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye jiko la mkaa tangu alasiri (gesi inachimbwa Msimbati hapo, sisi tunapuliza mkaa, lakini hayo tuyaache). Kidole kimeungua. Nikakujibu, "Kula, au kalale." Ukaenda kulala. Asubuhi niliukuta mkunjo wako chini ya kawa, umekauka, sisimizi wameshaanza kuukagua. Nikawapangusa, nikaula mwenyewe, ili mama yako akirudi asiulize.

Sasa nikwambie nilichokuja kukijua baadaye, tena mdogo wako ndiye aliyekuwa akinisomea kwenye simu huku ananicheka. Ile jibini haikuharibika. Maziwa yakikatwa kwa ndimu hali yanachemka, hushikana kwa namna ambayo ukiyarudisha motoni yanatoa maji na kukauka, hayalegei hata uyapigie magoti. Ile ya kuvutika hugandishwa kwa kimeng'enya, cha asili kikitoka tumboni mwa ndama, na ndiyo maana moto ukiikuta inakuwa laini na kurefuka. Na huko Meksiko kwenyewe wanayo zote mbili. Ipo ya Oaxaca, inaviringwa kama mpira wa uzi, hiyo inavutika. Na ipo mbichi, nyeupe, ya kumeguka, wanainyunyizia juu ya chakula na hakuna mtoto anayelia. Kwa hiyo usiku ule, mwanangu, ulikula, au tuseme ulikataa kula, chakula ambacho hata kwao kingepita. Kosa langu halikuwa jibini. Lilikuwa lile jibu nililokupa.

Nimeshalisema. Tuingie jikoni.

Anza na unga, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi wanapokwama. Kule wanatumia mahindi, lakini ukichukua sembe yetu ukaikanda kwa maji ya bomba, itapasuka kama udongo wa kiangazi ukijaribu kuikunja. Wao mahindi wanayachemsha na chokaa, wanayaacha yalale, asubuhi wanayaosha maganda yatoke, ndipo wanasaga yangali na maji. Chokaa hiyohiyo ya jamii ya tambuu ya bibi yako. Nilipomsomea hilo alitikisa kichwa kwa fahari, kana kwamba ndiye aliyewafundisha. Chokaa inafanya donge lishikane, na pia inafungua vitamini B3 iliyomo ndani ya mahindi. Wazungu walipoyachukua mahindi wakaiacha chokaa, maskini wao waliokula mahindi matupu wakaugua pelagra, ngozi zikawababuka. Usije tu ukaenda kununua chokaa ya kupakia ukuta ukajaribu. Wewe fanya hivi: sembe gramu 300 kwenye bakuli, kijiko cha chai cha chumvi, mwagia maji yanayochemka kiasi cha mililita 300, koroga kwa mwiko, funika, subiri robo saa. Ikipoa kiasi cha kuvumilika mkononi, tia unga wa ngano gramu 300 na vijiko viwili vya mafuta, ukande, ukiongeza maji ya uvuguvugu kidogokidogo mpaka donge liwe laini lakini lisinate vidoleni. Funika kwa kitambaa kibichi nusu saa.

Kama huna mizani, kaazime dukani kwa Mangi. Usinipimie kwa kangomba, ule upimaji wa kukadiria wa walanguzi wa korosho.

Na ukiona sembe inakusumbua, achana nayo, tumia ngano tupu. Kaskazini mwa Meksiko, upande wa Sonora, ngano ndiyo yao, kwa hiyo hutakuwa umemdanganya mtu. Ila usizikunje na mafuta kama chapati zetu. Hatutaki tabaka hapa. Kata madonge 20 ya gramu 50 hivi, sukuma jembamba mara moja, weka kwenye chuma kikavu chenye moto mkali, nusu dakika upande huu, geuza, nusu dakika tena. Likianza kuvimba na kupata madoa, toa, weka ndani ya kitambaa, funika. Mvuke wa mwenzake ndio unaolilainisha. Siku ile mimi niliziacha wazi kwenye sinia, zikawa vifuu vya nazi.

Nyama, kilo moja ya kusaga. Kaanga vitunguu viwili mpaka vigeuke rangi, tia kitunguu saumu, kijiko cha chai na nusu cha binzari nyembamba, pilipili ya unga, kisha nyama, kisha nyanya tatu. Ikaushe. Huo ndio ujumbe wangu wote kuhusu nyama, ikaushe mpaka mafuta yaanze kulia chini ya sufuria, maana mchuzi utakuvunjia mikunjo yote. Mdogo wako anasema nyama ya kusaga na binzari na jibini ya njano ni mambo ya Texas zaidi kuliko ya Meksiko, na lile ganda gumu la kukatika kah! nalo ni la Marekani. Sawa. Nani wa hostelini atakudai cheti?

Kachumbari unaijua. Hapo sina la kukufundisha, ila nikwambie kitu kilichonifurahisha. Nyanya asili yake huko huko Amerika, pilipili huko, parachichi huko, mahindi huko. Neno lenyewe la Waingereza la nyanya limetokana na *tomatl*, la Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Meksiko. Na korosho zetu hizi, zinazotusomesha na kututia presha kila msimu wa mnada, zililetwa na Wareno kutoka Brazili. Mgeni pekee kwenye sahani ile, ukiacha ndimu, ngano, vitunguu na binzari, ni ng'ombe na maziwa yake. Hao Wameksiko hawakuwa na ng'ombe mpaka Wahispania walipowaletea katika karne ya 16. Kama sisi Kusini tu, ambako mbung'o hawakutuacha tufuge kwa wingi. Mikunjo ililiwa karne na karne bila jibini.

Lakini wewe unataka uzi, na safari hii utaupata.

Tafuta mozzarella, jibini ya kuvutika, nusu kilo. Njombe wanatengeneza jibini, na Dodoma uko mjini, usiniambie umekosa. Zile pembetatu za kwenye boksi zipite, zinayeyuka kuwa uji, hazina uzi. Ikwangue kwenye kikwangulio cha karoti ikiwa bado ya baridi, ikipata joto inakuwa donge. Kisha sikiliza vizuri, hapa ndipo penyewe. Frampeni kavu, moto wa wastani. Nyunyiza jibini moja kwa moja kwenye chuma, duara la upana wa mkunjo, usitie mafuta. Itayeyuka, itatoa mapovu, utadhani umeharibu. Usiiguse. Kingo zitaanza kuwa kahawia na utasikia harufu ya karanga zinazokaangwa. Hapo laza mkunjo juu yake, ukandamize kwa kiganja cha mwiko, hesabu mpaka kumi, halafu pitisha kijiko bapa chini na ugeuze wote kwa pamoja. Utaona umepata ukoko. Ukoko hasa, kama ule wa wali uliokuwa unagombania na mdogo wako, mwekundu, wa kukwaruka, ila juu yake bado kuna ulaini. Tia nyama upande huo wa jibini, ongeza jibini kidogo juu ya nyama, kunja, geuza mara moja, toa. Upike mmojammoja na mtu aupokee ukiwa wa moto. Ukisubiri uandae yote 20 ndipo mle, uzi utaganda na tutarudi kulekule kwa mwaka ule.

Ndimu wakamulie wenyewe. Na badala ya ile krimu yao nyeupe, loweka korosho vikombe viwili kwa saa mbili, saga na maji kidogo, ndimu na chumvi, mpaka iwe nzito kama mtindi. Hilo ni langu mimi, halimo kwenye simu ya mtu.

Labda utauliza nimeyajaribu wapi haya. Jumamosi iliyopita dereva mmoja anayeleta mizigo ghalani aliniletea mozzarella kutoka Dar es Salaam, ndani ya dumu lililokatwa na barafu. Mama yako alikuwa akinitazama kutoka mlangoni bila kusema kitu, unamjua. Duara la kwanza niliunguza. La pili lilinata nikalichimbua kwa kisu. La tatu likageuka lenyewe kama samaki. Nikajaza nyama, nikakunja, nikauma, nikavuta. Mkono ukanyooka wote, uzi bado upo. Nikainuka kwenye kigoda, bado upo. Mama yako akasema, "Mzee, kaa chini, watu wanapita." Bibi yako akaulizia kwa sauti kuna nini, mdogo wako akamjibu kwa jina lile la siku ile, na nyumba nzima ikaharibika kwa kicheko, yeye bibi ndiye wa kwanza.

Mzigo nimeufunga leo, kesho alfajiri nitamkabidhi kondakta. Kuna kilo 2 za korosho, zimevunjikavunjika lakini tamu ni ileile, pilipili mbuzi kwenye gazeti, binzari kwenye kichupa cha dawa nilichokiosha, na frampeni. Ni ileile ya siku ile, nimeisugua kwa mchanga na majivu. Mpini unacheza kidogo, shika kwa kitambaa.

Bibi yako anakusalimu. Ametaka niandike kwamba wageni wako wanawe mikono kwanza.

Ukimaliza kupika nipigie, hata kama ni usiku, uniambie umefika wapi. Nitaongeza salio.

Mimi, baba yako