YAH: Malalamiko kuhusu mradi wenu wa umeme wa upepo na dharau iliyofanywa mkutanoni

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa heshima hiyo sisi hatukuipata kwa watu wako. Sielezi mradi ni nini wala mliahidi nini. Sera ya kushirikisha wananchi mmeiandika wenyewe na mnaijua.

Naanza na karatasi ya mahudhurio ya mkutano mliotuitia kuhusu mitambo ya upepo mnayotaka kuijenga kilimani kwetu. Karani wenu alisimama mlangoni akatuambia tuandike majina, na asiyejua kuandika aweke dole gumba, ili ijulikane nani amefika. Karatasi hiyohiyo leo imeambatanishwa kwenye ripoti yenu ya tathmini ya athari kwa mazingira kama uthibitisho kwamba wananchi wameridhia. Wameridhia nini? Kuingia ukumbini? Mtu aliyekuja kupinga amehesabiwa kuwa amekubali, na dole la shangazi yangu limo.

Shangazi ndiye hasa aliyenifanya niandike. Aliomba nafasi, akapewa kipaza sauti, akauliza swali moja: mkataba wa miaka 25 ukiisha, zege mtakalomwaga chini ya kila mnara litang'olewa na nani, na kwa fedha iliyowekwa wapi? Afisa wenu wa mahusiano ya jamii akamjibu: "Bibi, wakati huo wewe utakuwa umeshakwenda zako, usijisumbue." Akamnyang'anya kipaza sauti.

Na hata kabla ya mkutano huo, vigingi vyenu vilikwisha kupigwa juu ya kilima, vingine ndani ya mashamba ya watu ambao hawajasaini chochote. Kama sehemu za minara mlikwisha kuzichagua, mlituitia nini?

Hatupingi upepo kuzalisha umeme. Tunapinga kuwekewa mitambo karibu na vyumba vya kulala kisha tuambiwe tutazoea. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kwamba kelele za mitambo ya upepo, kwa wastani wa mchana, jioni na usiku, ziwe chini ya desibeli 45. Ripoti yenu haisemi nyumba zetu zitapata kiasi gani. Jua likiwa chini, asubuhi au jioni, mapanga yanayozunguka hukatakata mwanga, na kivuli hupita dirishani kikija na kutoweka bila kukoma. Ujerumani mwongozo wao unataka jambo hilo lisizidi saa 30 kwa mwaka na dakika 30 kwa siku kwa kila nyumba. Kwenu limepewa sentensi moja: athari ni ndogo. Ndogo kwa nani?

Nirudi kwa shangazi, kwa sababu ninyi mmelipita jambo hili kana kwamba halikutokea. Yule afisa kijana alitokea nyuma yake, akapitisha mkono juu ya bega lake bila hata kumtazama, akachomoa kipaza sauti. "Utakuwa umeshakwenda zako." Alimtabiria kifo mama mtu mzima mbele ya wajukuu zake, na wenzake wa meza kuu wakacheka. Shangazi alibaki amesimama, mkono ungali umeinuliwa. Hakuna aliyemwambia samahani. Swali lake halimo kwenye muhtasari wa mkutano. Nimeusoma mwanzo hadi mwisho. Dole lake mmelichukua, neno lake mmelitupa.

Nataka karatasi ile iondolewe kwenye ripoti, na afisa huyo aende nyumbani kwa shangazi kumwomba radhi mbele ya watu walewale walioshuhudia.

Lakini nikifikiri zaidi naona radhi peke yake haitoshi. Ng'oeni vigingi vyote. Simamisheni kazi zote kilimani. Tathmini ya kelele, kivuli na hatari kwa ndege wa porini ifanywe upya na wataalamu ambao hamkuwachagua ninyi, na isomwe hadharani kwa lugha tunayoielewa. Fedha ya kubomoa minara na kung'oa zege iwekwe benki kabla ya mnara wa kwanza kusimama. Bila hayo, msirudi kutuomba sahihi.

Msidhani tutachoka. Mradi wa upepo wa megawati 60.8 wa Kinangop, Kenya, ulifutwa mwaka 2016 baada ya wananchi kuukataa. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ilitamka kwamba hati za ardhi ya mradi wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365, zilipatikana kinyume cha utaratibu. Mwezi huohuo Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kwamba vibali vya mitambo ya Fosen vilikiuka haki za wafugaji wa Kisami, wenyeji wa asili wa huko, na mitambo hiyo ilikuwa tayari inazunguka. Wakopeshaji wenu wanayajua haya, nao nitawaandikia, na karatasi ya mahudhurio nitaiambatanisha.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, tutakwenda mahakamani kuomba zuio, na hapo hatutaomba tathmini mpya tu. Tutaomba mradi wote ufutwe.

Nasubiri jibu la maandishi lenye saini yako mwenyewe, Ndugu Mkurugenzi. Yule kijana asitumwe kulileta.

Mimi,
Mwenye shamba chini ya kilima