Barua ya wazi kwa vijana wetu wa yadi: mwacheni Mjapani na ukapera wake

Wanangu mlioko Yokohama, Kawasaki na Nagoya, mnaoshinda kwenye minada na yadi mkihangaikia magari ya kwenda Mombasa na Dar es Salaam, salamu nyingi.

Nimeiona video yenu. Mmemzunguka mwenzenu wa kazini, kijana wa Kijapani wa miaka thelathini na kitu, mnamwuliza kwa nini hana mke, naye anacheka huku ameinamisha kichwa. Huko nyumbani watu wamesambaziana na kuandika kwamba wanaume wa Japani wamekwisha. Mimi sikucheka. Kosa hilo nililifanya kabla wengi wenu hamjazaliwa.

Ilikuwa 1998, kwenye kiwanda cha pili nilichofanyia kazi hapa. Kulikuwa na fundi mmoja, mpole, tuliyekula naye chakula cha mchana kila siku. Nikamtania karibu mwaka mzima: utaoa lini, unaogopa nini, nikutafutie? Siku moja akabeba sinia lake akahamia meza nyingine. Hakunigombeza, hakusema neno. Baadaye mtu mwingine akanieleza kwamba jamaa alikuwa akimuuguza mama yake, na mkataba wake ulikuwa wa miezi sita sita. Angekwenda kuposa kwa nani, na kwa kutegemea nini?

Nyinyi mmelishika lile neno *sōshoku danshi*, wanaume walao majani, mnalirusha kama tusi. Aliyelianzisha ni mwandishi wa kike, Maki Fukasawa, mwaka 2006. Aliwazungumzia vijana wasiomwandama mwanamke kama mwindaji anavyoandama nyama, wanaoweza kukaa naye kwa urafiki tu. Hakuwa anawatukana. Maneno yakishatoka kinywani hupata wenyewe wengine, na hili limeishia kwenye simu zenu.

Sasa nisikilizeni, maana hili hamlioni mkiwa yadi. Wajapani nao walikuwa na mshenga. Walimwita *nakōdo*. Kabla ya vita vikuu vya pili, ndoa nyingi zilipita mikononi mwake: picha za kijana na binti zinabadilishwa, pande mbili zinachunguzana, wanakutanishwa kwa chai, wakiridhiana kunapelekwa zawadi za uchumba ambazo mtu wa pwani akiziona atasema hii ni mahari, basi. Hata baada ya vita, bosi kazini alikuwa akimwangalia kijana wake mchapakazi na kusema, yupo binti wa fulani. Mtu mwenye haya, asiyejua kusema na wanawake, alioa kama wengine. Kwenye miaka ya mwisho ya 1960 ndoa za kuchaguana wenyewe zikazipita zile za mshenga, na mshenga akaenda zake bila kuacha mrithi. Leo bosi akimwuliza kijana habari za kuoa anaweza kushtakiwa kwa kumsumbua. Kijana amebaki peke yake, naye huku anatakiwa asimame mbele ya binti atamke waziwazi, tuwe wapenzi, kisha angoje jibu. Wangapi kati yenu mngeoa kama shangazi zenu wasingetia mkono? Semeni kweli.

Halafu pesa. Uchumi wao ulipopasuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, makampuni yalifunga milango ya ajira ya kudumu. Waliomaliza masomo kuanzia 1993 hivi, kwa karibu miaka kumi, wanaitwa kizazi cha zama za barafu. Wengi wakaingia kwenye vibarua na mikataba mifupi, na baadhi hawakutoka humo. Lakini matarajio ya kwamba mume ndiye nguzo ya nyumba hayakushuka pamoja na mishahara. Na huku mtu hazai kwanza akaoa baadaye. Watoto wa nje ya ndoa ni kama wawili katika mia. Asiyemudu ndoa, mara nyingi amekosa na mtoto. Mwaka 1970, katika wanaume mia waliofika miaka hamsini, hawakufika wawili ambao hawajawahi kuoa. Mwaka 2020 walikuwa 28.

Na msidhani ni wanaume tu. Katika uchunguzi wa serikali wa 2021, kati ya vijana wasio na ndoa, karibu theluthi ya wanaume walisema hawana mpenzi wala hawamtafuti, na wanawake vilevile. Binti naye ana hesabu zake. Akiolewa, kazi za nyumbani zinamwangukia yeye, mara nyingi pamoja na wazee. Kisheria mume na mke lazima watumie jina moja la ukoo, na anayeacha la kwake ni mwanamke karibu kila mara. Lakini katika uchunguzi huohuo, wanaume wanane katika kila kumi walisema wanakusudia kuoa siku moja. Hao ndio mnaowaita waliokwisha.

Serikali ya jiji la Tokyo yenyewe imeona. Mwaka 2024 ilianzisha programu ya simu ya kukutanisha watu, na anayejiunga anatoa hati ya kuthibitisha hana ndoa na hati ya kipato. Serikali imekuwa mshenga! Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka fundi wangu.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimelelewa nikiamini kuoa ni nusu ya dini, na sijabadilika. Wapo pia wasioitaka ndoa kabisa, wanaopenda chumba chao kimoja na utulivu wao. Siwaelewi sana, lakini hawajanidai chakula.

Video hiyo ifuteni leo, na aliyeirekodi amwombe mwenzake radhi faraghani, si mbele ya yadi nzima. Jumapili napika pilau hapa kwangu. Njooni, mleteni na yeye. Atakayemwuliza kama ana mke au hana, ndiye atakayeosha masufuria.

Mzee wenu