Msiizime ruta kabla hamjauliza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wenzangu wanaofanya kazi katika ofisi ndogo, zile za watu watano, kumi, ishirini hivi, zisizo na idara ya kompyuta. Mimi ni fundi. Intaneti ikigoma, ndiye naitwa. Nimeingia ofisi za mawakili, za wahasibu, za wachapaji, zahanati na shule, na karibu kote nakuta jambo moja limekwisha kufanyika kabla sijafika: mtu amechomoa ruta, kile kifaa kinachoingiza intaneti ofisini, amesubiri kidogo, amerudisha umeme. Pengine imewaka ikafanya kazi, pengine haikufanya. Kwa vyovyote vile, nilichokuja kukitafuta hakipo tena.

Sipingi kuzima na kuwasha. Ruta ni kompyuta ndogo, nayo hujaa memori, huganda, na ikiwashwa upya hukaa sawa. Ninachopinga ni kuifanya hiyo hatua ya kwanza. Ruta nyingi huandika kumbukumbu ya yanayotokea: laini ilikatika saa ngapi, kifaa kipi kilipewa anwani ipi, nani aliomba akakosa. Katika ruta nyingi za ofisi ndogo kumbukumbu hiyo hukaa kwenye memori inayofutika umeme ukiondoka. Ukichomoa, umeifuta. Tatizo litarudi kesho kutwa na hakuna atakayejua lilianzaje.

Hapo ndipo watu huanza kutafutana mchawi, na hilo ndilo linaloniuma kuliko waya na taa. Anayelaumiwa mara nyingi ni mdogo kuliko wote ofisini. Niliwahi kuitwa mahali ambapo kijana wa mafunzo alikuwa amekatazwa kabisa kutumia Wi-Fi, kwa kuwa intaneti ilikuwa nzito kila asubuhi na mkuu wake aliamini anatazama video. Nilipofungua ukurasa wa ruta nikakuta kompyuta moja inapandisha mafaili kwenye hifadhi ya mbali saa zote za asubuhi bila kupumzika. Ilikuwa kompyuta ya mkuu mwenyewe, programu ya kuhifadhi nakala ilikuwa imepangwa ianze muda ule ule watu wanapoingia kazini. Watu wengi hawajui kwamba njia ya kupandisha ikijaa, hata kupakua hukwama. Kompyuta inayopokea ukurasa lazima irudishe taarifa kwamba imepokea, na taarifa hizo nazo zinapita kwenye njia ile ile iliyojaa. Tulihamisha nakala zikafanyika usiku, tukaiwekea programu ile kikomo cha kasi. Kijana akarudishiwa Wi-Fi. Sikusikia akiombwa radhi.

Kwa hiyo, wenzangu, kabla hujagusa plagi, uliza. Ni mtu mmoja amekwama au ofisi nzima? Waliounganishwa kwa waya wako sawa na wa Wi-Fi ndio wameachwa, au wote? Ni tovuti moja haifunguki au zote? Printa ya ofisi inachapisha? Hili la printa hupuuzwa sana, ilhali linasema mengi: ikiwa mnachapisha kupitia mtandao bila shida na tovuti hazifunguki, mtandao wa ndani uko hai na tatizo liko kwenye ruta au nje ya jengo. Kisha uliza kilichobadilika tangu jana. Meza imehamishwa? Kuna kifaa kipya? Umeme ulikatika usiku?

Baada ya maswali, tazama taa. Kwenye swichi, kile kisanduku chenye matundu mengi kinachounganisha kebo za ofisi, kila tundu lenye kebo na kompyuta iliyowashwa lina taa yake. Taa ikiwa imezimika, usihangaike na mipangilio ya kompyuta; anza na kebo. Kichwa cha kebo kina kipande cha plastiki kinachokishika kisitoke, na kikikatika kebo hulegea kila meza inapotikiswa. Kebo zinazopita chini ya magurudumu ya viti nazo hufa taratibu. Hapa kuna jambo la kuvutia: mtandao wa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi mbili tu za nyaya kati ya nne zilizomo ndani ya kebo, lakini wa gigabiti moja unazihitaji zote nne. Jozi moja isiyohitajika na megabiti 100 ikikatika, kompyuta nyingi zitashuka zenyewe hadi megabiti 100 na kuendelea kufanya kazi. Mtumiaji atalalamika kwamba mafaili ya seva yanachelewa, ataambiwa kompyuta yake imechoka, itanunuliwa nyingine, na ucheleweshaji utabaki pale pale. Angalia kasi ya kiungo (link speed) kwenye mipangilio ya mtandao kabla ya kununua chochote. Na kama kebo ni ndefu, kumbuka kwamba mtandao wa nyaya hizi za shaba umewekewa kikomo cha meta 100 kutoka kifaa hadi kifaa.

Taa zikiwaka zote kwa pamoja, zikipepesa kwa kasi bila kutulia, na ofisi nzima ikiwa imekufa, tafuta kebo iliyochomekwa ncha zote mbili kwenye swichi moja. Si jambo la nadra. Mtu anafagia, anaona ncha ya kebo inaning'inia, anaona tundu tupu ukutani, anafanya hisani. Ujumbe unaotangazwa kwa vifaa vyote huanza kuzunguka bila mwisho, kila mzunguko ukiongeza mwingine, mpaka hakuna pakiti, yaani kipande cha data, ya maana inayopita. Mwaka 1985 Radia Perlman alibuni utaratibu unaowezesha swichi kutambua mizunguko kama hiyo na kuifunga, na swichi kubwa unao. Swichi nyingi ndogo za bei ya chini hazina. Kuzima na kuwasha hakusaidii hapa hata kidogo, kwa sababu kebo bado iko pale. Chomoa kebo moja moja kwenye swichi huku ukitazama taa, zitakapotulia umeshaipata.

Sasa anwani. Kila kompyuta inahitaji anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, na katika ofisi ndogo ruta ndiyo inayozigawa. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike ipconfig. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani, hakuna aliyejibu, ikajipa yenyewe. Hiyo haitakufikisha kwenye intaneti. Mara nyingi kebo au swichi ndiyo yenye shida, lakini pengine ruta imeishiwa anwani za kugawa. Ruta iliyopangwa kugawa anwani 50 inaonekana inawatosha watu 15, mpaka uhesabu simu zao, kompyuta zao, printa, kamera na simu za wageni waliopewa nywila. Isitoshe, simu za siku hizi huficha utambulisho wao halisi na huweza kujitokeza kwa utambulisho mwingine, kwa hiyo simu moja inaweza kushika anwani zaidi ya moja mpaka muda wake wa kuishika uishe. Ongeza idadi ya anwani, punguza muda wa kuzishika, na wape wageni mtandao wao.

Kisa kingine cha anwani kinasumbua zaidi kwa sababu hakieleweki kirahisi. Baadhi ya watu wanapata intaneti, wengine hawapati, na kesho yake wanabadilishana. Ukitazama, walio salama wana anwani zinazoanza na 192.168.1 na waliokwama wana 192.168.0. Kuna ruta ya pili ndani ya jengo. Mtu aliona Wi-Fi haifiki mezani kwake, akaja na ruta yake ya nyumbani akaichomeka ukutani, nayo ikaanza kugawa anwani kama ilivyozoea. Kila kompyuta humsikiliza aliyejibu kwanza. Simlaumu mwenye ruta ile. Alikuwa anatafuta namna ya kufanya kazi. Ruta yake inaweza hata kubaki, ilimradi izuiwe kugawa anwani, ipewe anwani yake isiyogongana na nyingine, na kebo ichomekwe kwenye tundu la ndani (LAN). Lakini ofisi ikilifahamu tatizo la Wi-Fi mapema, mambo hayafiki huko.

Ukishaona anwani iko sawa, panda hatua kwa hatua kwa kutumia amri ya ping, inayotuma ujumbe mfupi kwa kifaa na kusubiri jibu. Aliiandika Mmarekani Mike Muuss mwaka 1983 na mpaka leo sijaona chombo rahisi kuliko hicho. Anza kwa kuiuliza ruta yenyewe, ile anwani inayoonekana kwenye ipconfig kama lango (Default Gateway). Ikijibu, njia kati yako na ruta ni nzima. Kisha uliza anwani ya nje, wengi hutumia 8.8.8.8 ya Google. Ikijibu, laini ya nje ni nzima pia. Kisha uliza jina la tovuti badala ya namba. Namba ikijibu na jina likashindwa kugeuzwa kuwa namba, tatizo ni la DNS, ule utaratibu wa kutafsiri majina kuwa namba uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka huo huo wa 1983. Hapo unabadilisha seva ya majina kwenye ruta na kazi inaendelea. Tahadhari moja tu: zipo seva zilizopangwa zisijibu ping kabisa, kwa hiyo kimya cha seva moja kisikufanye utangaze kwamba intaneti imekatika. Uliza na nyingine.

Kompyuta moja ikigoma kufungua tovuti karibu zote na kuonya kwamba si salama, huku jirani yake yuko sawa, tazama saa na tarehe yake. Betri ndogo iliyomo ndani ikiisha, kompyuta iliyozimwa kabisa umeme huamka ikidhani ni miaka ya nyuma. Vyeti vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, kwa hiyo kompyuta inaviona havijaanza kutumika na inavikataa. Ni betri ya kubadilishwa kwa dakika chache, na nimeona kompyuta zikifutwa na kuwekewa programu upya kwa sababu yake.

Kuhusu Wi-Fi sitasema mengi. Usiiweke ruta ndani ya kabati la chuma wala nyuma ya jokofu. Masafa ya gigahezi 2.4 yanafika mbali lakini yana msongamano, na chaneli zisizoingiliana ni tatu tu kwa kawaida: 1, 6 na 11. Ya gigahezi 5 yana nafasi zaidi ila yanachoka haraka kwenye kuta. Kompyuta isiyohama mezani ipe waya.

Ombi langu kwa wenye ofisi ni dogo. Wekeni daftari karibu na ruta. Kila tatizo liandikwe siku, saa, nani alikwama, taa zilikuwaje, na kilichofanywa. Piga picha ya taa kwa simu kabla ya kugusa chochote, na kama unaweza kuingia kwenye ruta, nakili ile kumbukumbu. Kisha zima ukitaka. Bandikeni karatasi kwenye kila kebo inayosema inakwenda wapi, kwenye ncha ya upande huu na ya upande ule. Choreni ramani, hata kwa penseli: ruta hapa, swichi hapa, printa ina anwani hii. Na nywila ya ruta isikae kichwani mwa mtu mmoja. Nimefika kwenye ofisi ambazo aliyeijua alishaacha kazi, na njia pekee iliyobaki ilikuwa kuirudisha ruta kwenye hali ya kiwandani na kupanga kila kitu upya, wakati ofisi nzima imesimama ikisubiri.

Daftari hilo lina faida nyingine siku ambayo kosa ni la kampuni inayowaletea huduma kweli. Ukipiga simu ukasema intaneti haifanyi kazi, utaambiwa uzime ruta, uwashe, na usubiri. Lakini ukisema kwamba laini imekatika Jumanne na Alhamisi saa 4 asubuhi, kwamba ruta inajibu ping na anwani ya nje haijibu, kwamba umejaribu kompyuta moja kwa waya bila swichi na hali ni ile ile, mtu wa huduma kwa wateja hana swali la kukurudishia. Atalazimika kulipeleka kwa mafundi wao. Muombe namba ya kumbukumbu ya malalamiko na uiandike papo hapo, kwenye ukurasa ule ule.

Mhariri, kama ukurasa wako wa teknolojia una nafasi, nitafurahi kuwachorea wasomaji ramani ya mfano ya ofisi ya kompyuta kumi, pamoja na safu za daftari lenyewe, waikate na kuibandika ukutani.

Wako,
Fundi wa mitandao, msomaji wako wa kila siku