Barua kwa mwanangu: huyo Popobawa usimpe uso

Wete, Pemba

Mwanangu Khamis,

Assalaam alaykum. Dada yako kanionyesha kwenye simu tangazo lako, kwamba hadithi yako ya katuni sasa itakuwa ya rangi, na Popobawa, yule shetani wa usiku anayeingia nyumba za watu, utamchora kama mtu wa kweli, mishipa na meno yote yaonekane. Tangu hapo roho haijanitulia. Na mbona habari hii niipate kwa dada yako? Siku hizi hupigi.

Huyu Popobawa wako wa sasa nampenda. Duara jeusi, jicho moja, mabawa mawili ya mistari, basi. Pale alipoingia nyumba ya watu usiku akakuta vyumba vitupu, wenyewe wote wamelala uani, naye akabaki kupiga hodi ndani kwa ndani, nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Sasa unataka kumpa uso. Uso wa nani, Khamis? Mwaka 1995 ulikuwa hujazaliwa. Sisi tulilala nje kwa kumwogopa, wakubwa kwa watoto, tumebanana kwenye majamvi, moto unawaka mpaka alfajiri. Na kule Unguja mjini mgonjwa wa akili aliuawa, watu wakidhani ndiye. Mtu wa watu, mgonjwa. Ukimchorea pua na mashavu, kesho yuko atakayesema huyu si fulani?

Wewe mwenyewe ulinihadithia habari za yule Mmarekani, Rich Burlew, na katuni yake ya The Order of the Stick. Tangu 2003 mashujaa na wachawi wake ni vijiti tu, kichwa duara, macho vitone, na mwaka 2012 wasomaji walimchangia zaidi ya dola milioni moja ili vitabu vyake vichapishwe tena. Ukanambia kinachochekesha ni kwamba mashujaa wenyewe wanazijua kanuni za ule mchezo wa kete, Dungeons & Dragons, unaowaendesha, wanabishana juu yake na hatari iko mbele yao. Ukanionyesha na nyusi: ikipanda kidogo tu, umeshaelewa mtu kakasirika. Mishipa ya nini hapo?

Mkono wako naujua. Ile picha ya bibi yako uliyoichora kwa kalamu ya risasi, kila anayeingia huisimamia. Sisemi huwezi. Nasema kwa huyu, usiweze. Rangi tia, mabawa yapake hata buluu, sikukatazi. Uso uache. Nijibu kabla hujaitoa.

Karafuu za nyuma ya nyumba zimekomaa na wachumaji wamepandisha bei. Baba yako anasema atapanda mwenyewe, na goti lile! Mpigie wewe, mimi hanisikii. Mvua nayo inatuchezea, majamvi tunaanika na kuanua mchana kutwa. Halua nimempa mtoto wa shangazi yako anayekuja na boti ya Alhamisi. Mgawie mwenzako unayekaa naye, na kikapu unirudishie.

Mama yako